Maji ya Boila na Macho ya Shemeji

Kwako Dada,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka baharini. Mgongo unaendeleaje, na wapwa zangu hawajambo? Mwambie yule wa mwisho sijamsahau. Mimi mwili ni mzima, ila roho iko juu juu tangu juzi, na ukiona mwandiko umeparaganyika usidhani ni mawimbi.

Nianze na lililotokea. Mrija wa boila yetu ulipasuka mchana tukiwa kazini. Boila ndiyo inayotupa mvuke wa kupasha mafuta ya injini; ikizimika, meli inabaki kuelea tu. Mvuke ule ulimwunguza mtunza boila wetu, ambaye tunamwita Bata kwa mwendo wake wa kuyumba. Mkono umebabuka hadi kiwiko. Hata hivyo anatutania kwamba bata sasa ameiva nusu. Mimi kicheko hakinitoki.

Ilipopoa niliingia ndani, nikaukata mrija ule na kuziba matundu yake kwa vizibo vya chuma. Kwa nje ulikuwa safi, maana masizi tunayakwangua kila mara. Kwa ndani ulikuwa umeliwa vishimo vishimo, umebaki mwembamba kama kopo la maziwa. Dada, kinachokula mrija kwa ndani ni maji. Maji ya boila hutiwa dawa, na dawa ikipungua yanakula chuma. Ndiyo maana hupimwa kila asubuhi.

Anayepima ni Shemeji peke yake. Unamjua mumeo: yeye ndiye injinia mkuu, na hakuna anayeruhusiwa kugusa vichupa vyake. Husema wapimaji wawili watagombana kuliko wake wenza. Huchota maji, huyapoza, huyadondoshea kimiminika cha kupimia, kisha huinua kichupa kwenye taa. Yakigeuka pinki, dawa inatosha. Safari nzima jibu lake limekuwa moja, kwamba ni pinki safi, nasi tumekuwa tukiwasha boila kwa neno lake.

Asubuhi iliyofuata nilisimama nyuma yake. Akainua kichupa, akasema ni pinki safi. Dada, maji yale yalikuwa meupe kama ya kunywa.

Nilimfuata chumbani kwake nikafunga mlango. Hakubisha. Alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba rangi zimemtoka kidogo kidogo, naye amekuwa akitaja anachotarajia kuona. Akaniomba nimsitiri, kwa kuwa hii ndiyo safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Alitaka niwe nasimama karibu nimnong'oneze rangi. Nikakubali. Ningemkataliaje mtu aliyenilisha mezani kwake na kunifundisha kushika spana? Nikatia dawa ya kutosha kwenye boila, nikadhani nimewaokoa wote.

Jana nahodha akatuita ofisini kwake, akataka kujua kosa ni la nani. Shemeji akasema maji yalikuwa sawa siku zote, kwa hiyo lazima Bata aliyaacha yapungue mpaka boila ikakauka. Bata, na mkono wake wenye bendeji, akasema hapana, akarudia hapana, kisha akaanza kulia. Nahodha akasema atamshusha bandari ijayo na atahakikisha hapandi meli nyingine. Halafu akanigeukia, akauliza kama nina la kuongeza.

Shemeji alinitazama, ingawa sijui aliona nini. Nikasema injinia mkuu haoni rangi, na vipimo vyote vya safari hii si vya kuaminika.

Kwa hiyo atakayeshuka bandari ijayo ni yeye, Dada. Unga umemwagika, na aliyeumwaga ni mimi. Amejifungia, chakula kinarudi kama kilivyokwenda. Bata ananishukuru kila tunapokutana, nami natamani anyamaze. Huku chini boila bado inawaka, kwa mvuke mdogo, maana bila hiyo hatufiki, na kila mrija uliobaki ulipitisha maji yale yale mabaya. Ikigonga kidogo tu sote tunaruka. Nimechoka, na sina wa kumwambia humu ndani.

Akifika nyumbani mpeleke kwa daktari wa macho hata akikataa, kwani huo ugonjwa unatibika. Usimwache akae peke yake. Wasalimie watoto, lakini hili usiwaambie bado.

Leo asubuhi alinifungulia mlango mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hakunitukana. Aliniuliza tu ni nani atakayekuambia wewe. Nikamjibu kwamba nitakuandikia mimi.

Mimi mdogo wako,
kama bado unanitaka.