Boksi la Glavu Juu ya Kabati Lako

Mwaka umetimia, Baba, tangu Alhamisi ile ulipoinama mlangoni kufunga kamba za viatu vya kazini, usiinuke tena. Chai yako ilikuwa bado inatoa moshi. Mama alidhani unatania.

Kazini walikuita Maji Moto. Kwa miaka kumi na tisa ulisimama kwenye chumba cha upasuaji wa kichwa na uso, mbele ya beseni la maji ya moto, ukilainisha vile vipande vyembamba vya plastiki maalumu vinavyoshikilia mfupa wa fuvu mpaka uunge, kisha vinayeyuka vyenyewe mwilini. Daktari akikuharakisha, "Maji Moto, kiko wapi?" ulimjibu, "Kinaiva, daktari. Ukitaka kibichi, chukua." Chumba kizima kilicheka, hata yeye.

Wazazi waliokuwa wakilia kwenye korido uliwafuata mwenyewe. "Mama, hii ni kama peremende. Mtoto hatafunguliwa tena ili itolewe. Itakwisha yenyewe, na kichwa kitaendelea kukua." Walikuamini kwa sababu hukuwa na haraka.

Nyumbani ulikuwa mtu wa kuficha vitu ili visipotee. Ufunguo wa akiba, betri za redio, miwani yako mwenyewe. Mama alisema, "Huyu akificha kitu, mwizi atachoka aombe maji ya kunywa." Ukacheka mpaka ukakohoa.

Binti yangu, mjukuu wako uliyemwita Bosi, alikuwa na miaka mitatu tulipoambiwa kwamba mifupa ya fuvu lake iliungana mapema mno na ubongo unakosa nafasi. Macho yalikuwa yameanza kufifia. Ulinishika bega ukasema, "Usihangaike. Vipande vyake ninavyo, nimeviweka."

Siku tisa baadaye ukaondoka, na hakuna aliyejua umeviweka wapi.

Stoo ya hospitali haikuwa na vingine. Vya chuma daktari hakutaka, maana kichwa cha mtoto kinakua na chuma hakikui. Vipya vya kuyeyuka vikaagizwa, tukasubiri. Tulipekua makoti yako, droo zako, hata soksi. Mwezi wa saba, walipohamisha kabati lako la kazini ili wapake ukuta rangi, muuguzi mwenzako alikuta juu yake boksi kuukuu la glavu. Ndani yake mlikuwa na pakiti mbili, zimeandikwa "Bosi" kwa mwandiko wako. Muda wake wa matumizi ulikuwa umepita kwa siku kumi na moja.

Daktari alizigeuzageuza mkononi. "Siwezi, dada. Vinaweza kulegea kabla mfupa haujashika."

Yule muuguzi alilia kuliko mimi. Alikuwa akipita mbele ya kabati lile kila siku.

Nimekulaumu, Baba. Nilikaa kwenye kitanda chako nikakugombeza kwa sauti, mama akaja kufunga dirisha majirani wasisikie. Hakuniambia ninyamaze. Alikaa upande wa pili wa kitanda mpaka giza likaingia.

Vipya vilifika mwezi wa tisa. Aliyevilainisha alijifunza kwako. Kichwa kimepona vizuri na kovu limefichwa na nywele. Macho yalizimika tulipokuwa tukisubiri, na hayakurudi. Kila asubuhi Bosi hushika gauni langu na kuuliza, "Mama, leo hili ni rangi gani?" Namtajia. Naogopa siku ambayo jibu langu halitakuwa na maana kwake.

Watu walituambia tuupe moyo muda. Tumeupa mwaka mzima, na hakuna kilichopungua.

Unakumbukwa na mkeo, na mimi binti yako, na mwanao wa kiume aliye mbali, na mkweo, na mjukuu wako Bosi, pamoja na wenzako wote wa chumba cha upasuaji. Siku zote tutakazojaliwa kuishi, hutatutoka moyoni.

Jumatatu Bosi anaanza kufundishwa kutembea kwa fimbo nyeupe.