Nilisoma Majina ya Wageni, Korongo Nikaliacha

Mshauri wangu mpendwa, pole na kazi. Naomba unisaidie kabla ya tarehe ishirini na nane, kwa sababu siku hiyo natakiwa kusimama mbele ya watu, na kila nikikumbuka naacha ugali sahanini. Mimi ni mkulima na mama wa watoto wawili, naishi Nangara hapa Babati, nina miaka ishirini na sita, nimesoma hadi kidato cha nne, na barua hii naiandika mdogo akiwa amelala mgongoni, kwa hiyo mwandiko ukipinda unisamehe.

Ni hivi. Kati ya nyumba zetu na shule kuna korongo. Kiangazi watoto wanashuka na kupanda bila shida, lakini mvua ikinyesha huko juu mlimani maji yanakuja ghafla, na wa darasa la kwanza wanavuka wakishikana mikono. Wanawake wa mtaa tulikubaliana tuombe kalavati la kuvukia, na tuliposikia kuna mgeni rasmi anakuja kwenye mkutano wa hadhara wakanichagua mimi nisome risala, eti kwa kuwa nina mwandiko mzuri na siogopi watu. Mwandiko ni kweli.

Nikaandika kurasa mbili, wa kwanza kutambua wageni, wa pili korongo. Siku yenyewe wageni wakawa wanaongezeka, na kila akifika mmoja mtendaji wa mtaa ananiletea kikaratasi, mara mheshimiwa fulani, mara mchungaji, mara mzee maarufu, nami nikaogopa kumruka mtu, maana hapa kwetu ukimruka mtu mzima kwenye salamu utaambiwa mwaka mzima. Nikasoma majina, nikamruka mzee Parkesian, yule maarufu, watu wakaguna, nikaomba radhi nikaanza upya kutoka juu, sauti ikatetemeka, mtoto akalia kule nyuma na maziwa yakatoka yakalowesha gauni, nikaona kama mkutano mzima unaangalia kifua changu. Nikasema, "Itifaki imezingatiwa, tunashukuru kwa yote, hatuna la ziada," nikakaa. Mgeni akasimama akasema amezunguka mitaa mingi lakini huu ndio wa kwanza usio na kero, watu wakapiga makofi, na ukurasa wa pili mimi nimeukunja mkononi.

Wenzangu waliponiuliza nikasema dakika ziliisha. Mshauri, hili ndilo linaloninyima raha, kwa sababu dakika hazikuisha. Mshereheshaji aliinama akaniambia, "Endelea mama, unazo mbili bado," nikajifanya sikusikia. Hakuna anayejua, hata mume wangu.

Wiki tatu baadaye mvua ikanyesha, binti yangu Otilia akarudi na kiatu kimoja. Maji yalimwangusha, na aliyemdaka kwa kushika mkoba wake wa shule ni jirani yangu Katarina, aliyekuwa anatoka shamba. Ni Katarina huyo huyo aliyenipa jina la Mama Itifaki. Tukikutana bombani ananiambia, "Mama Itifaki, ndoo yangu nayo ni mheshimiwa, mbona hujaitambua?" Wanawake wanacheka, na mimi nacheka, halafu naenda kulia jikoni.

Sasa mgeni yule anarudi kuangalia ujenzi wa ofisi ya mtaa, na wanawake tumepewa dakika tano. Nikasema achaguliwe mwingine. Katarina akasema, "Wewe ndiye uliyemwambia hatuna la ziada, wewe ndiye utakayemwambia tunalo." Nimejaribu kufuata kijana mmoja kwenye simu anayefundisha kuhutubia, anasema urushe mikono na utembee huku na huku, mume wangu Laurian akanikuta natembea kati ya kuku akacheka hadi akakaa chini. Akasema, "Mbona mimi unanisema bila karatasi na ninaelewa?" Nimepanga siku hiyo niseme mtoto ana homa. Nifanyeje, au nikubali tu kwamba wengine hatukuumbwa kusimama?

Mama Otilia, Nangara

JIBU

Mama Otilia, pole, mwanangu. Unanyonyesha, unalima, huna usingizi wa kutosha, halafu unabebeshwa mtaa mzima kwa sababu ya mwandiko. Na maziwa kutoka mtoto akilia si aibu, wote waliokuwa wanakuangalia walilelewa hivyo hivyo.

Baada ya pole, nisikilize. Homa ya kumsingizia mtoto iache leo. Mtoto wako mdogo hana homa, na dada yake karibu achukuliwe na maji. Tena usijidanganye kwamba hujui kusema. Umenieleza korongo hilo kwa mistari michache, na mimi niliye mbali nimeliona. Hukushindwa kusema, ulimwogopa mzee Parkesian kuliko maji.

Kwanza nenda kwa Katarina. Mwambie dakika zilikuwepo na uliamua kukaa. Atakusema, vumilia. Yeye ndiye aliyemshika mtoto wako, ana haki ya kujua. Ukiendelea kuficha, siku hiyo utasimama na mizigo miwili, na wa pili ndio utakaokukalisha tena. Akimaliza kukusema, mpe kazi. Mchukue hadi korongoni, yeye asimame ng'ambo na wewe upande wa nyumbani, umwambie ombi lenu bila karatasi. Yeye arudie alichosikia. Asipoweza kurudia, ujue ulikimbiza au ulimeza maneno, anza tena. Fanyeni hivyo kila mkitoka shamba hadi tarehe ifike. Kijana wa kwenye simu mwache na mikono yake.

Itifaki usiidharau, ila isikulie muda. Nenda kwa mzee Parkesian mapema, mpe shikamoo yake nyumbani kwake, umwombe radhi na umweleze kwamba safari hii utawatambua wote kwa pamoja. Mzee aliyeheshimiwa kwake hataguna mkutanoni. Mtendaji naye mwambie vikaratasi avipeleke kwa mshereheshaji, wewe usipokee hata kimoja.

Siku yenyewe mnyonyeshe mtoto kabla hujaitwa, umwache kwa Laurian, tena akae naye mbali. Weka kitambaa ndani ya gauni, vaa kanga juu, suala la kifua liishie hapo. Ukisimama usianze kusema papo hapo. Vuta pumzi, mtafute Katarina kwa macho, useme na yeye kama alivyokuwa ng'ambo. Sema: mgeni rasmi na wote mliopo, nawaheshimu. Mara iliyopita nilisema hatuna la ziada. Nilikosea, tunalo. Kisha sema korongo liko wapi, nani wanavuka, siku Otilia alipoangushwa na maji ilikuwaje, mnaomba nini, na umwulize mgeni mbele ya watu lini atakuja kuliangalia. Asipotaja siku, baki umesimama.

Sauti itatetemeka. Iache itetemeke, maneno yatapita tu. Na kile kiatu cha Otilia kilichobaki usikitupe, nenda nacho mkononi badala ya karatasi. Ukikwama kabisa, kiinue juu, unyamaze. Watakusubiri.