Bustani kwa Lenzi Pana

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimeonyesha picha yangu klabuni. Ile ya bustani ya jiji, niliyopiga kwa lenzi pana — nyasi zote, bwawa, njia ya kokoto, miti ya ng'ambo, anga lote. Wiki nzima nimekuwa nikiichungulia kwenye simu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nilijua nimepatia.

Kumbe. Mwenyekiti, yule tunayemwita Bwana Fremu, aliirusha ukutani kwa projekta, akakuna kidevu. Akasema ni safi, ila jicho lake linazunguka tu, halina pa kukaa. Mama mmoja, mpiga picha za maua, akaongeza kwamba ina upweke. Upweke vipi? Kama nyumba iliyohamwa, akasema. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nikashukuru, nikanywa chai yao, nikaondoka.

Lenzi pana inachukua kila kitu, halafu inasogeza kila kitu mbali. Hilo nililijua. Sikujua kwamba na watu wataliona.

Jumapili, 3 Machi

Nimemtumia Kaka. Sijui ujasiri nimeupata wapi. Yeye ndiye mpiga picha wa kweli kwetu, wa maharusi na magazeti, kabla hajahamia ughaibuni. Siku tunamzika Mama alifuatilia kwenye simu ya binamu, karatasi zake za ukaazi hazikuwa tayari, hakuweza kusafiri. Tangu hapo tunatumiana vidole gumba. Sikukuu, kidole gumba. Siku ya kuzaliwa, kidole gumba na keki. Hatujagombana. Afadhali tungegombana, kungekuwa na la kupatanisha.

Nimeandika: Shikamoo Kaka. Naomba maoni kuhusu picha hii, usinionee huruma.

Ameisoma.

Jumatano, 6 Machi

Amejibu. Nilikuwa chumba cha eksirei, mzee wa watu ameegemeza kifua kwenye ubao, simu ikatetemeka mfukoni. Nikamwambia mzee avute pumzi, aibane, asitikisike. Nikaibana na mimi. Mpaka akauliza kama anaruhusiwa kupumua.

Kaka anasema: nimepiga nikiwa nimesimama. Nishuke, magoti chini, kamera iwe usawa wa macho ya mtoto. Na mchana anga linaungua, linatoka jeupe tupu, nirudi asubuhi.

Basi. Hakuna u hali gani, hakuna marahaba. Nimeisoma hadi betri ikalalamika.

Jumamosi, 9 Machi

Klabu sikwenda. Nimekwenda bustanini jua likichomoza, nikapiga magoti kwenye umande, suruali ikalowa chapachapa. Mwanamke anayefagia njia akauliza nimepoteza nini. Nikamwonyesha kamera.

Kutoka chini, bustani imekuwa kubwa ajabu. Nyasi zinakuja mpaka mdomoni. Bwawa limekuwa bahari. Nikatuma.

Sijafika hata kituoni, jibu limeingia. "Bora. Sasa sogea kushoto, karibu na bomba la maji. Mti wenye tawi la kulala upo?"

Nikasimama katikati ya njia, watu wakanipita. Bomba halimo kwenye picha niliyotuma. Mti haumo. Si hii, si ile ya kwanza.

Tulipokuwa wadogo, Mama alikuwa akituosha miguu kwenye lile bomba kabla ya kurudi nyumbani. Kaka alikuwa hapatikani, yuko juu ya lile tawi, amelala kama chui, mpaka Mama ahesabu kwa sauti.

Mti haupo. Ulikatwa mwaka ule Mama alipoanza kuugua. Tulipita mimi na yeye, tukakiona kisiki. Mama akasema, "Kaka yako usimwambie. Mwache awe na pa kurudi."

Nimejibu kwamba nitaangalia.

Jumatatu, 11 Machi

Eksirei za leo: viganja viwili, nyonga moja, mbavu. Mwenzangu wa zamu amesema nimpigie Kaka simu tu, maneno yaishe. Nikasema hatuna mazoea hayo.

"Na kaka yako?"

"Na kaka yangu."

Ameniangalia kwa jicho lile tunalowaangalia waliovunjika na hawajajijua.

Jumatano, 13 Machi

Kaka: "Ulipata nafasi?"

Halafu ujumbe mwingine, ukafutwa kabla sijausoma. Jioni nzima nimekuwa na ujumbe nisioujua. Nimepika, nimeunguza, nimekula hivyohivyo.

Jumamosi, 16 Machi

Niko bustanini. Naandika nimekaa chini, mgongo kwenye bomba.

Ningeweza kukikwepa kisiki. Hatua chache kulia, kamera juu kidogo, kinatoka. Nilipiga na hiyo, ikatoka nzuri. Nikaitazama, mkono ukagoma kuituma. Nikarudi, nikaiweka kamera karibu kabisa. Lenzi pana ina tabia hiyo, cha mbele kinakuwa kikubwa kuliko vyote. Kisiki kimejaa fremu nzima, bustani yote imekaa nyuma yake.

Hiyo ndiyo nimetuma.

Amepiga. Kwa video. Yuko kwenye ngazi za jengo fulani, koti la kazi, ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja. Yeye hakuniona, mimi nilikuwa nimeelekeza kamera kwenye nyasi. Akasema nimzungushe taratibu. Bwawa. Njia. Bomba. Nikafika kwenye kisiki, nikatulia.

"Mama alijua?"

"Alijua. Alisema usiambiwe."

Mlango ukabamizwa huko kwake, mtu akamwita, hakuitika. Nikauliza, picha je, unaionaje? Akasema picha ni nzuri, mdogo wangu. Halafu akasema, "Basi miti imetosha. Geuza kamera, nikuone wewe."

Mtandao ukakata. Au ni kidole changu, sina hakika.

Ameandika: usiondoke hapo, napiga tena.

Nimevua miwani, nimejifuta uso kwa ukingo wa kilemba. Watu wanasema siku hizi nimekuwa Mama mtupu, hasa nikicheka, hasa nikilia. Kaka hajui. Hakuna aliyemwambia.

Simu inaita.