Mguu wa Mama Uliobaki Mwanza

Kijiji cha Sapiwi,
S.L.P. 31,
Bariadi, Shinyanga.
22 Agosti, 1999

Mpendwa kaka Bundala,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mererani, wewe na wifi Flora na watoto. Kile kifua chako kimepona, au bado unameza vumbi la mashimo ya madini? Sisi huku tunapumua. Mimi mzima, watoto wazima, na mahindi tuliyovuna yatatuvusha. Mama naye ukimuuliza atasema hajambo, lakini ni hajambo ya kumtuliza mgeni.

Pamba ya mwaka huu imekuja na kelele. Ghala la ushirika limefungwa kufuli, sasa wanunuzi ni watu binafsi, kila mmoja na lori lake na mzani wake. Wanatugombea kama wachumba. Kila lori likija linapiga honi tangu kule darajani mpaka mlangoni kwetu, ili tusimpe pamba mwenzake. Zishike hizo honi, nitazirudia.

Kaka, mama anaondoka. Mguu uliobaki nao umeanza kidonda, kama ulivyoanza ule uliochomwa na kisiki cha pamba mwaka juzi, ukakatwa huko Mwanza. Mganga wa zahanati alimpima ile sukari yake, akaniambia nimtunze vizuri. Hakusema nimpeleke popote, nami nikaelewa.

Hilo ningelibeba. Lililonishinda ni jingine. Mwezi uliopita alikuja mhubiri mmoja, Danford, akaweka spika pale gulioni wiki nzima. Alisema mwaka huu hauishi kabla baragumu halijalia, na wafu watatoka makaburini. Mama hakutoka kitandani hata siku moja, lakini ile spika ilimfuata humo humo ndani.

Tangu hapo anautafuta mguu wake. Anasema siku hiyo kila mtu atainuka pale alipolazwa. Sasa yeye akilazwa hapa kando ya zizi, ubavuni mwa baba, na mguu wake umezikwa Mabatini, atainukaje? Aruke kwa mguu mmoja mpaka Mwanza wakati wenzake wanapaa? Siku ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki.

Hivyo ameamua azikwe Mwanza, nyuma ya ile nyumba uliyokuwa umepanga kabla ya kiwanda kuwapunguza kazi. Anapajua kama amepaona. Pana jiwe jeupe, anasema, na mguu umefungwa katika khanga yake ya maua ya kijani, na wewe ulisali Baba Yetu ukamaliza. Nilipomwambia ulishahama, na mwenye nyumba hawezi kukubali kaburi uani kwake, alinitazama kama mtoto mjinga. Alisema mwenye nyumba ameshakaa na mguu wake miaka miwili, mwili uliobaki una taabu gani?

Baba mdogo Shija amekasirika. Anasema mwanamke aliyetolewa ng'ombe hawezi kuacha kaburi la mumewe akafuata mguu. Jioni tukisali Nasadiki mama anakwenda nasi vizuri, lakini akifika kwenye ufufuko wa miili ananyamaza, tunamaliza bila yeye.

Nilimwita katekista Kristofa aje amtulize. Alikaa, akaanza kwa upole.

"Mayu Apolonia, Mungu aliyemfinyanga Adamu kwa udongo atashindwa na mguu mmoja?"

"Hashindwi, mwanangu," mama akamjibu. "Lakini Bwana mwenyewe alifufuka na matundu ya misumari. Kama mwanawe wa pekee hakumziba, mimi nani anichongee mguu mpya?"

Katekista alimaliza uji wake taratibu, akasema atamuuliza padri akija. Padri hajaja.

Sasa nikuambie ninalolijua. Kaka, ile khanga ya maua ya kijani niliiona Pasaka, wifi Flora alipopita hapa. Alikuwa ameibebea mtoto mgongoni. Mama macho hayaoni vizuri siku hizi, hakuitambua. Mimi niliitambua kwa lile pindo lililoungua kwa pasi. Baadaye nilimuuliza nesi mmoja pale Bariadi, akaniambia viungo vinavyokatwa hospitalini huchomwa, havipewi ndugu.

Sikulaumu. Ulikuwa umekaa kando ya kitanda, mama analia anauliza mguu wangu uko wapi, nawe ukampa neno la kumlaza usingizi. Hata mimi ningelisema. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yako, kaka, imefika mpaka siku ya mwisho.

Nikimwambia ukweli, atakufa akijua mguu wake ni majivu yasiyo na mahali, na mwanawe alimdanganya. Nikinyamaza, atakufa akiniapisha nimpeleke kwenye kaburi ambalo halipo. Shetani alinipitia juzi nikawaza tufunge mfupa wa ng'ombe tuseme ndio. Kisha nikakumbuka mama amekata nyama maisha yake yote, angeujua kwa kuupapasa tu. Na siku hiyo ikiwa kweli ipo, ainuke na kwato? Naandika haya huku nalia. Sina ninachokiweza.

Nakuomba uje, na uje na khanga. Sijui tutamwambia nini. Labda yeye mwenyewe akiishika atatuambia. Ukishindwa kuja, usiandike neno lolote la mguu kwa anwani hii. Barua zako mama hutaka nizisome kwa sauti mbele yake, na mimi uongo sijui kuusoma bila kigugumizi. Mwandikie katekista.

Nilikuambia uzishike zile honi. Tangu wiki ya spika, kila lori likilia darajani mama anashtuka, anauliza kama ndilo baragumu, anaomba mkongojo wake. Nami namwambia ni pamba tu, mama, lala. Leo alfajiri lilipiga honi lori moja, kubwa kuliko yote. Hakuomba mkongojo. Alinishika mkono, akasema, "Nenda wewe, Kwandu. Waambie mimi nasubiri kidogo. Bundala yuko njiani na mguu wangu."

Nilitoka nje kweli. Nikasimama barabarani, sikuwa na wa kumwambia.

Wifi Flora msalimie sana, usimgombeze kwa ile khanga, hakuwa na kosa. Watoto wabusu wote. Baba mdogo Shija anakusalimu kwa hasira zake, na katekista Kristofa naye. Mama hakutuma salamu, anasema atakuona.

Mungu anayekushusha shimoni kila asubuhi akutoe kila jioni, mzima, na viungo vyako vyote.

Mdogo wako akupendaye,
Kwandu