Whisky ya Bwana Mohan na Kikombe cha Kwanza

Dilala, Kolwezi
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute umeketi, mgongo umetulia, na Justin anakusomea polepole bila kuruka maneno kama ilivyo kawaida ya kaka yangu. Je, mmeshavuna muhogo wa upande wa reli? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna amani, Mama. Naogopa sana. Simu ya Justin nimeipiga tangu alfajiri, haipatikani. Kuna lori linaondoka saa nne kuja huko Kasaji, dereva amekubali kubeba barua.

Unamjua kwa jina Bwana Mohan, Mhindi fundi wa mitambo ya mgodi, ninayempikia na kumtunzia nyumba. Ndiye aliyenipeleka hospitali mwenyewe, usiku wa homa, akanibeba mgongoni mpaka kwenye gari. Mwezi uliopita alirudi kutoka likizo na chupa moja ya whisky aliyoifungia ndani ya soksi nne. Ni ya kwao, India. Mimi nilidhani whisky ni kitu cha Wazungu tu, nikamwambia hivyo. Basi nilijitakia hotuba. Jumamosi aliniketisha jikoni, akafungua chupa, akajimiminia kidogo tu, kisha akaanza kunifundisha.

Kumbe ni kazi yako, Mama, kama pombe kali yako ya lutuku. Nafaka yao ni shayiri, peke yake, haichanganywi na kitu. Wanailowesha mpaka iote, kama wewe na mahindi yako kwenye gunia. Wanaikausha, wanaisaga, wanaiacha ichachuke, kisha wanaipika na kukamata mvuke, mara mbili, ndani ya vyungu vikubwa vya shaba. Shaba hii hii wanayoichimba huku. Yote inatoka kwenye nyumba moja ya kupikia, ndiyo sababu inaheshimiwa. Baadaye inalazwa miaka ndani ya mapipa ya mti. Huko kwao joto ni kali, kwa hiyo mti unatoa ladha haraka kuliko nchi za baridi, lakini hewa nayo inakunywa fungu kubwa kila mwaka. Anasema watu wengi kwao wanakunywa ile ya rojo la miwa, na zamani walimwengu waliwacheka. Sasa hawacheki.

"Odette, nusa," akaniambia. "Hii hapana lutuku."

Nikanusa. Asali, ndizi iliyokaushwa, moshi kwa mbali. Akaifunga, akanipa ufunguo wa kabati. Jumapili mchana angekuja kula na wenzake watatu.

Sasa nisikilize vizuri. Jumapili asubuhi, baridi ya mwezi wa sita, niliitoa chupa nikawaza: mimi mtoto wa mpika lutuku, nitawawekea wageni kinywaji ambacho sijakiona kikiwaka? Wewe unajua, sokoni kwetu hakuna mtu anayenunua bila kumimina kwenye kijiko na kuwasha kiberiti. Nikamimina. Nikawasha. Haikuwaka. Njiti ya pili, ya tatu, hakuna kitu.

Nikajua mtu ameinywa na kujazia maji. Nilimfikiria Tata Ilunga, mlinzi wetu, Mungu anisamehe, kwa sababu anapenda kinywaji. Na ufunguo ulikuwa kwangu. Nani angeniamini? Basi nikamwaga bilauri nzima ya whisky kwenye sinki, nikaijazia chupa lutuku yako, ile chupa uliyonipa nijichue kifua. Nikajaribu tena, ikawaka moto mdogo wa buluu. Nikajiona nina akili.

Mezani Bwana Mohan aliinua bilauri yake dirishani, akaitazama kidogo, akaishusha. Wakanywa wote wanne. Ndipo nikamsikia akiwaeleza wenzake kwamba whisky ikitoka kwenye pipa huwa kali mno, lazima waipunguze na maji safi kabla ya kuitia chupani. Maji yalitiwa na wenyewe, Mama. Hakuna aliyeiba. Ndipo nikaanza kuiwaza lutuku niliyotia.

Chupa ile ya lutuku ilipikwa kwako wiki ya matanga ya Baba. Ulikuwa umelala ndani unalia, na Mama Régine jirani ndiye aliyekaa kwenye moto. Tunamjua Mama Régine, yeye hata maganda hayatupi. Wewe umenikazania tangu nikiwa mdogo: "Kikombe ya kwanza ni ya udongo, mwanangu, hapana ya muntu." Je, yeye alikimwaga hicho kinachotangulia kutoka, chenye sumu? Ama alikichanganya humo humo? Tata Mdogo Samy, ndugu yake Baba, alikunywa kwa mtu ambaye hakumwaga, sumu ikamla macho, na leo anaongozwa kwa fimbo.

Asubuhi hii Bwana Mohan hakwenda kazini. Nilipompelekea chai alikuwa amejifunika uso kwa mto. "Funga pazia, Odette. Mwanga iko inaniumiza macho." Labda ni kichwa cha ulevi tu. Wanaume wangapi wameamka hivyo Jumatatu. Najiambia hivyo, halafu namwona moyoni Tata Mdogo Samy akipapasa ukuta. Jana jioni, ili nijaribu, nilikunywa lutuku iliyobaki kwenye chupa yetu, nami naona vizuri, lakini kilikuwa kijiko kimoja. Wao walikunywa mpaka chini.

Muulize Mama Régine usoni, bila kumgombeza, asije akadanganya. Kisha Justin apande baiskeli mpaka anapopata mtandao, anipigie.

Nisalimie Justin na mke wake aliyejifungua. Nisalimie shangazi wa stesheni, na nyanya, mwambie kitambaa chake nimekinunua. Tata Mdogo Samy mshike mkono kwa niaba yangu, usimwambie habari hii.

Siwezi kungoja jibu lako, Mama. Barua itachukua siku nyingi na macho hayangoji. Nilitaka kunyamaza, nakuambia ukweli, nilikwisha kufunga nguo zangu kwenye mfuko. Nimezitoa. Tata Ilunga atapeleka barua hii kwa dereva, nami naingia chumbani kumwambia Bwana Mohan kila kitu, aende hospitali sasa hivi na awaite wale watatu.

Nitamwambia lutuku niliipika mimi. Polisi wakija huko kuuliza, wewe ni mkulima wa muhogo, pipa la kupikia hujawahi kuwa nalo, na mimi hukunifundisha kitu.

Mwanao,
Odette