Kwa Dada Orpha Stidham, Aliyenishinda kwa Fidla

Mwaka umetimia, dada Orpha, tangu asubuhi ile ya Mei ulipotutoka, madirisha yote yakiwa wazi kwa amri yako. Kalamu nimepewa mimi. Binti yako Lurleen alisema, "Mama mdogo, andika wewe." Nikamwambia atafute mwingine. Akasema, "Wengine watamsifu tu."

Basi nitasema kweli. Nilikuonea wivu miaka sitini na minne, na hata leo sijamaliza.

Wivu ulianza siku baba aliporudi kutoka mgodini, vumbi la makaa bado masikioni, akakuwekea fidla ya babu mapajani. Ulikuwa na miaka tisa, mimi saba. Nilinyoosha mikono nami nipewe. Baba akasema, "Mikono ya Delphia ni ya kukamua ng'ombe." Nyumba nzima ikacheka. Wewe hukucheka, nalikumbuka hilo. Lakini fidla uliichukua.

Ulikuwa na moyo, hakuna wa kukataa. Hapakuwa na msiba katika bonde la Burdock uliokupita. Theluji ikiwa magotini ulikwenda, fidla umeificha ndani ya koti kama mtoto mchanga. Mchimbaji Hobart Crace mapafu yake yalipoharibiwa na makaa, ulimpigia kila Alhamisi, mpaka akawa hawezi hata kutikisa kichwa, na bado ukaendelea kwenda. Kila Alhamisi vyombo niliviosha mimi. Watu walisema, "Orpha ana huruma." Aliyeosha sufuria hakutajwa.

Jioni ulipenda mkate wa mahindi uliovunjwavunjwa ndani ya mtindi, ukila umesimama, huku mguu unapiga mdundo sakafuni. Ulikaza nyuzi kabla ya kusalimia wageni. Maharage uliyaunguza mara nyingi kuliko ulivyoyaivisha.

Redio zilipoleta magitaa ya umeme, vijana wa hapa wakasema nyimbo zako ni za makaburini. Nilifurahi kimoyomoyo. Nikajua sasa zamu yako imekwisha. Kumbe! Wakaja watu kutoka mijini na mashine zao za kunasa sauti, wakajaa barazani kwetu. Hapakuwa na ngoma wala waya wa umeme, ni wewe na kipande cha mti na nyimbo alizotuimbia mama akimenya viazi, na watu wazima wenye viatu vya kanisani wakalia. Mimi jikoni nikanung'unika, "Wanalilia nini hawa?"

Mume wangu Verlon, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Nyamaza, Delphia. Nasikiliza."

Kuniambia mimi ninyamaze kwa ajili yako! Wiki nzima alikula viazi baridi.

Na kulikuwa na ule wimbo. Niliutunga nikiwa na miaka kumi na sita, kichwa nimekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe wetu, nikimwimbia chinichini ili atulie. Wewe uliusikia kupitia ukuta wa zizi, ukautia kwenye fidla. Haukupita muda bonde zima likauita "ule wa Orpha". Siku moja tukimenya matofaa nikashindwa kuvumilia.

"Ule ni wangu."

"Najua," ukasema.

"Mbona wanauita wako?"

"Njoo Agosti uwanja wa shule, uwaambie mwenyewe."

"Nije nikae nyuma ya mgongo wako?"

"Kaa mbele, basi. Viti viko tele."

Sikuja. Kila Agosti wapigaji walipokusanyika pale, mimi nilikuwa na kuku wa kutazama. Verlon akaniuliza, "Kuku gani hawa wanaougua mara moja tu kwa mwaka?" Miaka ishirini na saba sikuja, dada, hata mara moja.

Kisha kiharusi kikauchukua mkono wako wa kushoto. Niliyatenda mengi, lakini hili ndilo zito: nilipoambiwa kwamba hutapiga tena, nilifurahi. Mungu anisamehe. Nilifurahi siku mbili.

Siku ya tatu nilikuletea uji, nikakukuta umeishika fidla kifuani, huipigi, umeishika tu. Ukaniambia, "Panda hapa. Wewe weka vidole, mimi nitavuta upinde."

"Mimi sijui."

"Umenisikiliza miaka sitini kwa hasira. Unajua."

Nikapanda kitandani. Vikongwe wawili, fidla moja. Ikatoka sauti mbaya mno. Ukasema, "Delphia, huyo ni nguruwe amekwama kwenye uzio."

"Ni mkono wako huo unaomvuta mkia!"

Tukacheka mpaka Lurleen akaja mbio akidhani umezidiwa. Wiki tano tulipiga hivyo, kila siku baada ya uji. Nyimbo tatu zilikubali. Ule wangu hukuuomba, nami sikuutaja.

Agosti iliyopita Lurleen alinivuta mpaka uwanja wa shule. Nilikaa mwisho kabisa. Msichana mmoja mwenye banjo akanisogelea. "Samahani, bibi. Wewe ndiye Delphia?"

"Nani kakwambia?"

"Delphia wa wimbo! Jamani, amekuja!"

Wakanizunguka. Ndipo nikaambiwa kwamba tangu mwaka wa kwanza, kabla ya kuupiga, ulisimama ukasema, "Huu kautunga mdogo wangu. Hayupo, anauguza kuku." Wapigaji wote sasa wimbo wanauita kwa jina langu, mpaka milima ya ng'ambo. Na wote wakaniuliza kuku wanaendeleaje.

Ungeniambia, Orpha! Lakini najua. Ulitaka nije mwenyewe.

Wakanipa fidla. Lurleen akavuta upinde, mimi nikaweka vidole, kama ulivyonifundisha, tukaupiga ule wangu. Niliinua macho kutazama watu. Walilia, ndiyo. Lakini walikulilia wewe zaidi, nilikuwa nikiwaona, na nikakuonea wivu palepale, fidla iko mkononi mwangu na wimbo ni wangu. Niliporudi nilitaka kuja kukugombeza chumbani kwako. Nikafika mpaka mlangoni.

Unakumbukwa na binti yako Lurleen na mumewe Dexter. Wajukuu zako Corbin na Ivalee. Kaka yetu Estill aliyeko Ohio. Shemeji yako Verlon, ambaye bado anasema ninyamaze sauti yako iliyonaswa ikiwekwa. Na mimi mdogo wako, Delphia.

Hatutakusahau kamwe, dada. Mimi nilijaribu miaka mingi, nikashindwa.