Mayai Chini ya Mchanga wa Athi

Dada Mwende,

Tafadhali haya yabaki kwako, hata Baba usimwambie. Ofisi imenituma Mto Athi kuorodhesha mahali malori yatakapochota mchanga. Ufuo ni mpana na kimya, una nyayo za ndege tu. Nilichimba shimo nipate maji safi, kama tufanyavyo nyumbani Tawa, nikagusa mayai ya mamba. Vitoto vilikuwa vikilia ndani yake. Mama mmoja aliyekuja kuchota maji akacheka: "Karani, umefungua wodi ya wazazi. Funika, mwenyewe anakutazama." Macho mawili yalikuwa majini. Nilifunika, nikarudi nyuma.

Ufuo huu sikuuorodhesha. Bosi akijua, nitafutwa kazi. Nakuombea kikohozi chako kipone. Usipige simu ofisini. Niachie barua kwa fundi viatu, sokoni Mukuyuni.

Mutua